"Troubleshoot" si kutengeneza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Najifunza ufundi wa redio na televisheni hapa Iringa. Vijitabu vingi vinavyokuja na mashine vina ukurasa wa mwisho ulioandikwa "Troubleshooting". Kamusi yangu inasema "trouble" ni shida na "shoot" ni kupiga risasi. Fundi wangu anasema ni kutengeneza tu, sawa na "repair". Ni kweli? Na wakati uliopita niandike "troubleshot" au "troubleshooted"?
Mwanafunzi wa ufundi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi wako mheshimu, ila kwa neno hili amekosea, na kosa lenyewe linaweza kukugharimu kazini.

Kabla ya kushika chaki nilikaa kibandani miaka sita, Morogoro, nikitengeneza redio. Siku moja tuliletewa redio ya betri iliyokuwa bubu: taa inawaka, sauti hakuna. Mwenzangu akabadilisha spika. Kimya. Akabadilisha transista mbili. Kimya, na hela ya mteja inateketea. Mzee aliyetufundisha akaivuta kwake, akafungua volyumu mpaka mwisho, akagusa mguu (pini) wa kati wa kipuri cha volyumu kwa ncha ya bisibisi huku kidole chake kimeshika chuma. Spika ikavuma. "Kuanzia hapa mpaka kwenye spika ni pazima," akasema. "Ugonjwa uko nyuma." Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akakuta uzi mmoja wa waya, mwembamba kama unywele, umekatika kwenye koili ya antena. Akautia lehemu. Dakika moja, redio ikasema. (Usijaribu hivyo kwenye redio iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani.)

Kazi yote iliyotangulia lehemu ndiyo troubleshoot. Ile dakika moja ya lehemu ndiyo repair. Mwenzangu alirukia repair, ndiyo maana akala spika na transista za bure.

Neno hili lilianza kama jina la kazi ya mtu. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, troubleshooter alikuwa fundi wa laini za telegrafu na simu. Laini ikifa, anatumwa kutafuta hitilafu iko wapi na kuiondoa. Kitenzi troubleshoot kilichongwa baadaye kutokana na jina la kazi hiyo. Siku hizi hata mtu anayetumwa kwenye kampuni yenye mgogoro huitwa troubleshooter.

Kwa hiyo unaweza ku-troubleshoot redio, pampu ya maji au mtandao wa ofisini, mahali ambapo dalili unaiona lakini sababu imejificha. Kiatu kilichoachia soli hakihitaji neno hilo, kwa sababu ubovu uko wazi. Hicho ni cha repair. Kwenye programu za kompyuta utasikia zaidi debug, yaani kutoa bug: kwa Kiingereza bug ni mdudu, na pia ni hitilafu. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa kompyuta ya Mark II, Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta mdudu nondo amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari lao la kazi. Watu wengi husimulia kwamba neno bug lilizaliwa siku hiyo, lakini Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alikwisha kuliandika kwa maana ya hitilafu ndogo katika barua ya mwaka 1878.

Kwa Kiswahili, programu za kompyuta hutumia "utatuzi". Nalipenda neno hilo: tatua ni kufumua kilichotatizwa, na tatizo limetoka humo humo. Hata hivyo linabeba kutafuta na kuponya kwa pamoja. Mafundi wetu wanasema "kutafuta ugonjwa", na kwangu hiyo ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi.

Sasa fungua ule ukurasa wa mwisho. Mara nyingi utakuta jedwali la safu tatu: dalili, sababu, na la kufanya. Troubleshoot ni safari ya kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Ukifika ya tatu, shika lehemu.

Wakati uliopita andika troubleshot. Hiyo nyingine utaiona mahali mahali, ila kwenye mtihani usiitumie.