Ziwa Ngosi: je, tunahitaji dawa za mlimani?

SWALI: Tunatoka Dar es Salaam, mimi na mama yangu mwenye miaka 61, ana presha lakini anatumia dawa vizuri. Tunataka kupanda hadi Ziwa Ngosi, lile lililo ndani ya kreta (shimo la volkano) kule Mbeya. Nimesoma kwamba watu wanaopanda Kilimanjaro humeza vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na upungufu wa oksijeni huko juu milimani. Je, na sisi tumeze? Na tunaweza kushuka mpaka kwenye maji?

JIBU: Dada, vidonge viache kwanza. Kilele cha Ngosi kina mita zipatazo 2,620 juu ya usawa wa bahari, na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, hasa kwa mtu anayelala huko juu. Ninyi mtalala Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, mpande asubuhi na mshuke siku hiyohiyo. Anayepanda Kilimanjaro analala zaidi ya mita 4,000. Hesabu yake ni nyingine kabisa.

Hata hivyo pumzi mtaisikia. Kanieneo (mgandamizo) ya hewa kule juu ni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila mnachovuta kina oksijeni pungufu na moyo unalazimika kwenda mbio. Hapo ndipo suala la mama linapoingia. Amwone daktari wake kabla ya safari, asiruke dozi siku hiyo, na yeye ndiye atangulie njiani ili mwendo wa wote uwe wake. Laleni Mbeya kwa usiku mbili kabla ya kupanda. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isipotulia hata akikaa, geuzeni mshuke, msisubiri kuona ziwa.

Kinachowashinda wengi Ngosi si hewa, ni tope. Wilaya ya Rungwe, lilipo ziwa, ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi sana nchini, na njia inapita ndani ya msitu wa mianzi na migomba pori ambako jua haligusi ardhi. Raba za mjini zitawaangusha. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mkijua Juni na Julai baridi yake si ya mchezo, na muanze mapema kwa sababu ukungu ukitanda mtaangalia pamba nyeupe badala ya ziwa. Msitu ni hifadhi, kwa hiyo ulizieni taratibu za kuingia kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na mchukue mwongozaji mwenyeji. Atawaonyesha pia jinsi umbo la ziwa linavyosemwa kufanana na ramani ya Afrika. Mkiiona au msipoiona, mkubalieni tu.

Kushuka majini? Kwa mama yako, hapana. Maji yako kwenye mita kama 2,060, na kuta za kreta zimesimama wima, nyasi na tope juu ya jiwe. Kushuka ni nusu ya kazi tu; kupanda tena ndiko kunakomaliza moyo. Wewe mwenyewe ukishuka, usipige kambi bondeni. Ukanda huu ni wa volkano na gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini sehemu mbalimbali za Rungwe, hata huvunwa kwa ajili ya soda. Ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na hutuama kwenye mashimo wakati hakuna upepo, hivyo aliyelala humo anaweza kukosa hewa.

Maji ya kunywa bebeni ya kwenu, lita mbili kila mtu. Na fimbo ya mama msiisahau.