Ubongo kuongea na kompyuta: maswali yenu

Mume wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia haunyanyuki. Kuna kofia ya kompyuta inaamsha mkono, ni kweli au matapeli? (Mama wa Igoma)

Pole sana dada. Kitu kipo kweli, kofia inasoma umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa, mgonjwa anajaribu kufungua kiganja hata kama hakisogei, kompyuta ikinasa ile nia inaendesha kifaa alichovaa mkononi na kiganja kinafunguka palepale. Hiyo palepale ndo dawa yenyewe, maana ubongo ukituma amri alafu ukahisi mkono umetii, njia zilizobaki nzima zinaanza kujifunza kazi upya. Marekani waliruhusu kimoja 2021, kinaitwa IpsiHand, na kinasikiliza ule upande wa ubongo ambao haukuumia. Ila bila mazoezi ya kila siku ni kofia tu, kwaio anayekuuzia WhatsApp eti inaponya kwa wiki moja mblock. Nenda kwa watu wa fiziotherapia, hospitali ya Bugando au kliniki anakohudhuria, wampe mazoezi ya kurudia rudia nyumbani, asikae kusubiri mashine.

Shkamoo. Wanaoongea kwa ubongo wanafika kasi gani? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba mdogo wangu. Mwaka 2021 chuo cha Stanford Marekani jamaa aliyepooza alikuwa anawaza tu anaandika kwa mkono, ikatoka herufi 90 kwa dakika. 2023 hapohapo Stanford, safari hii kwa kujaribu kuongea, wakafika maneno 62 kwa dakika, na San Francisco dada aliyepooza kwa kiharusi akafika 78, wakati sisi wazima kwa Kiingereza ni kama 150 hivi. Hao wote walipasuliwa fuvu, na programu inayobashiri maneno ilifundishwa Kiingereza, kwaio Kiswahili na viambishi vyetu hivi mtu lazima aifundishe upya. Kama unasoma kompyuta hapo SAUT kazi hiyo hapo.

Si itasoma siri zangu? 😂 (Ukerewe)

Kwa sasa lala tu. Inayosomwa ni sehemu inayoendesha mkono au mdomo na ulimi, tena programu inafundishwa kwa mtu mmoja mmoja. Ila nisikudanganye, 2025 Stanford walionyesha maneno ya kimoyomoyo nayo yanaweza kunaswa kiasi, wakaweka neno la siri ambalo mtu asipoliwaza mashine haifunguki. Mi nimelipenda hilo.

Lazima kupasuliwa kichwa? (Kirumba)

Hapana. Kofia haipasui, na kampuni ya Synchron wanapitisha elektrodi, yaani vijichuma vinavyonasa umeme wa ubongo, kwenye mshipa wa shingo hadi ubongoni.

Bibi yetu hasemi wala hasogei ila anatuelewa, anapepesa macho tu. Sisi huku Sengerema tufanyeje? (Mjukuu)

Hapa hamhitaji hata umeme. Pangeni herufi kwenye karatasi kwa mistari, mnataja mstari, akipepesa mnataja herufi moja moja za mstari huo. Wanasayansi Farwell na Donchin mwaka 1988 walitumia mpango uleule, mistari inawaka kwa zamu na ubongo unashtuka kwenye unaoutaka, bibi yenu anatumia jicho badala ya elektrodi. Kama hakusoma wekeni picha za maji, choo, maumivu, kugeuzwa. Na kabla ya yote kubalianeni nae kupepesa mara ngapi ni ndiyo na mara ngapi ni hapana, alafu nyumba nzima mfuate hivyohivyo, maana kila mtu akija na staili yake bibi atachoka na kufumba macho.