Skripti ya sftp ikigoma usiku, usizime ukaguzi wa ufunguo

Ukiiendesha mwenyewe skripti ya sftp, programu ya kuhamisha mafaili kwa usalama kupitia SSH, mafaili yanakwenda. Ukiiachia cron, inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, asubuhi unakuta «Host key verification failed»: ufunguo unaoitambulisha seva haukuthibitishwa. Katika kazi yangu ya kutunza seva, mara nyingi sababu ni hii: cron inatumia jina la mtumiaji mwingine, labda root (msimamizi mkuu wa mashine), na root ana known_hosts yake, faili la funguo za seva zinazojulikana, ambayo haijawahi kuiona seva hiyo. Wewe uliulizwa kama unauamini ufunguo, ukajibu «yes». Usiku hakuna wa kujibu.

Basi jaribu kama mtumiaji yuleyule: sudo -H -u jina sftp seva. Kagua na anwani pia. Kama ulihifadhi jina la seva na skripti inatumia namba ya IP, kwa SSH hizo ni seva mbili. Poti isiyo 22, ile ya kawaida ya SSH, huandikwa kwa mabano, [seva]:2222, na ssh-keygen -R, amri ya kufuta ufunguo wa zamani kwenye known_hosts, inayataka mabano hayohayo.

Onyo refu la «REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED» ni jambo jingine, zito zaidi. Huenda seva imejengwa upya, huenda kuna mtu amejipenyeza katikati. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, walibadilisha ufunguo wao wa aina ya RSA baada ya ule wa siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi. Skripti zilizoutegemea zikakwama, na ilikuwa haki zikwame.

Ndiyo maana ushauri wa kuweka StrictHostKeyChecking=no, yaani kuzima ukaguzi wa ufunguo, unanikera. Skripti inayobeba orodha ya mishahara au majibu ya wagonjwa itamkabidhi yeyote atakayeitikia. Tangu toleo la 7.6 la OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, unaweza kuweka accept-new badala ya no: inapokea seva ngeni, inakataa ufunguo uliobadilika. Ni afadhali, ila mara ya kwanza bado unaamini bila kuona.

Mimi humpigia simu msimamizi wa upande wa pili. Yeye anaendesha ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, ananisomea herufi zinazofuata SHA256, ambazo ni alama fupi ya ufunguo, nami nalinganisha na alama ya ufunguo nilioupata kwa ssh-keyscan, amri inayouchukua ufunguo kupitia mtandao, kwa sababu ssh-keyscan peke yake haithibitishi chochote. Zikilingana, nauweka kwenye /etc/ssh/ssh_known_hosts, watumiaji wote wausome. Kisha naendesha sftp kwa -b, isisubiri jibu la mtu, na skripti initumie barua pepe kila inaporudisha namba isiyo sifuri, yaani imeshindwa.