Kamera haijui kuwa ni alfajiri

Ngalawa imepigwa picha Jambiani, Unguja, kabla jua halijachomoza, lakini picha imetoka kama ya saa nne asubuhi. Lenzi haina kosa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakitofautishi alfajiri na adhuhuri. Chochote kinachowekwa mbele yake hukivuta kifikie kijivu cha wastani. Giza hulipandisha, weupe huushusha. Hisia ya picha basi iko mikononi mwako, kwenye kitufe chenye alama ya +/−.

Alfajiri shusha hadi −1, hata −1.5. Bahari itabaki buluu nzito, ngalawa itakuwa kivuli kitupu, na ule mstari wa chungwa kwenye upeo wa macho hautaungua ukawa mweupe. Mchanga wa Paje saa sita mchana unataka kinyume chake: bila +1 hutoka kama saruji. Ukungu wa Usambara nao upe +0.7 hadi +1, la sivyo utadhaniwa moshi wa jalala.

Mpangilio wa rangi wa otomatiki nao ni mwizi. Ukiona wekundu wa mapambazuko hudhani ni kasoro na kuufuta. Uweke kwenye alama ya jua, au takribani 5200K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), usiuguse tena asubuhi yote.

Muda ndio unaowaponza wengi. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi moja kila dakika 4 hivi, kwa hiyo mwanga wa dhahabu unaosifiwa kwenye video za Ulaya, ambao kule kiangazi huenda saa nzima na zaidi, kwetu ni kama dakika 25. Kwenye f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), dakika 20 kabla ya jua unaweza kuhitaji kuacha mwanga uingie sekunde 2. Jua likigusa upeo, 1/30 ya sekunde yaweza kutosha. Hizo ni stopu sita, yaani mwanga kuongezeka maradufu mara sita, ndani ya dakika 20! Anayetumia M, ambako kila kitu hupangwa kwa mkono, na kusahau kugeuza gurudumu kila dakika moja au mbili hurudi nyumbani na picha zilizoungua. Tumia A au Av, ambako wewe huchagua tundu na kamera huchagua muda, ukiiacha ile −1 mahali pake. Unguja jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi. Uwe umesimamisha stendi dakika 45 kabla. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi itoe mapema zaidi, ikae nje ndani ya begi lake nusu saa, kwani lenzi baridi hujaa mvuke ikikutana na joto la pwani.

Kivuli cha ngalawa kina siri yake. Ukipiga umesimama wima, chombo cheusi huzama ndani ya bahari nyeusi na mirengu, zile mbao za pembeni, haionekani. Chuchumaa mpaka chombo kipande juu ya mstari wa upeo na mirengu ikatike wazi dhidi ya mbingu. Maji yakiwa yamekupwa ni bora zaidi: madimbwi hubeba rangi ya juu na kuileta miguuni pako.

Kwa simu, bonyeza sehemu angavu ya mbingu na ushikilie mpaka ijifunge, kisha telezesha alama ya jua kuelekea chini. Zima HDR ukiweza, maana kazi yake ni kuangaza vivuli, na hapa kivuli ndiyo picha yenyewe.

Ukitaka bahari laini kama shuka, sekunde 30 zinatosha. Kuonyesha wimbi likirudi kwa michirizi, nusu sekunde. Minazi ikitikisika kwenye fremu, achana na sekunde 30. Na mchanga mbichi hula stendi taratibu: picha hutoka na ukungu wa kushuka wima, watu wakalaumu lenzi. Didimiza kila mguu mpaka ugome, subiri wimbi moja lipite, ndipo upige.