Kuigiza VxWorks juu ya FreeRTOS: vipaumbele usivigawe kwa 8

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kuchukua ngazi 256 za vipaumbele vya taski (kazi ndogo za programu zinazopokezana prosesa) za VxWorks uzigawe kwa 8 ziingie kwenye 32 za FreeRTOS, mifumo endeshi ya vifaa miwili tofauti, halafu ugeuze juu chini, ili kodi (msimbo wa programu) ya VxWorks iende kwenye FreeRTOS. Usifanye hivyo aisee, mimi nilifanya hivyohivyo na ikanila wiki kadhaa.

Kugeuza ni lazima, kule VxWorks 0 ndio ya juu kabisa na 255 ya mwisho, huku FreeRTOS 0 ndio ya chini na anakaa idle, taski inayokimbia kukiwa hakuna kazi nyingine. Hilo halina ubishi. Balaa liko kwenye kugawa. Kodi yetu ilikuwa na taski ya mota 98 na ya kuandika logi 101, gawa kwa 8 zote zinakuwa 12, geuza zote 19. Kule mota ikiamka logi inasimama hapohapo, huku zimekuwa sawa kwahiyo mota inakaa inasubiri mpaka logi ilale au tiki (mpigo wa saa ya mfumo) ifike ndio ipewe zamu. Na wala haizimi, inachelewa tu, tena mara mojamoja, ndio maana inatesa kuipata.

Kernel, yaani kiini cha mfumo kinachogawa zamu, inaangalia nani yuko juu ya nani, ukubwa wa namba yenyewe haina habari nao. Kwahiyo pitia kodi yote, kusanya vipaumbele vinavyotumika kweli (sisi tulikuta 17 tu kati ya 256), vipange kwa mfuatano, kila kimoja mpe ngazi yake. Usisahau taski za mfumo wenyewe: tNetTask ya VxWorks iko 50, kwahiyo aliyeandika taski ya 45 alitaka iitangulie network na wa 60 alikubali kusubiri. Stack ya network (programu ya mawasiliano) utakayoweka huku ikae katikati yao hivyohivyo, sio kuitupia namba yoyote.

Ngazi ya juu kabisa iache wazi kwa taski ya taima. Watchdog za VxWorks, yaani taima zake zile za wdStart, zinaitwa ndani ya interrupt (ukatizaji wa prosesa) ya tiki, yaani zinazitangulia taski zote, ila taima za FreeRTOS zinaendeshwa na taski ya kawaida na ukiiweka chini zote zinachelewa.

Halafu kuna hili la taski zilizokuwa sawa tangu mwanzo. VxWorks haigawi zamu mpaka uite kernelTimeSlice, kwahiyo kuna watu walishea data bila kufuli wakijua mwenzake hawezi kumkatiza. Ukiweka configUSE_TIME_SLICING, mpangilio wa FreeRTOS wa kugawa zamu kwa tiki, kuwa 0 unapunguza tatizo, haliishi, kwa sababu FreeRTOS taski ya juu ikishakatiza na kumaliza, zamu inaweza kwenda kwa yule mwingine wa ngazi ileile wakati VxWorks inamrudia aliyekatizwa. Hapo hakuna ujanja wa namba, weka mutex (kufuli la data) tu.

Namba ya zamani itunze kwenye struct (rekodi) ya taski, taskPriorityGet, ile ya kusoma kipaumbele, irudishe hiyo hiyo. Tulikuwa na kodi inasoma kipaumbele chake, inatoa 1, inaita taskPrioritySet, sasa ukimrudishia namba ya FreeRTOS akitoa 1 anashuka badala ya kupanda! Na hiyo namba mpya nayo iingie kwenye orodha yako kabla hujapanga.

Kama RAM unayo ya kutosha kuna njia fupi, zima ule uchaguzi wa taski wa haraka wa port (sehemu ya FreeRTOS iliyoandikwa kwa ajili ya chipu yako) ambao ndio unaobana kwenye 32, weka ngazi 258, kila moja iwe 256 toa namba ya zamani, idle anabaki na 0 na taima anachukua 257. Kwenye chipu ya biti 32 kila ngazi inakula kama baiti 20, jumla 5KB na kidogo. Bodi yetu haikuwa nayo hiyo, yako ina RAM kiasi gani?