Je, akili nyingi humnyima mtu furaha?

SWALI

Assalaamu alaykum, Maalim. Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete, Pemba, na sasa niko Unguja katika mwaka wa pili wa masomo ya chuo kikuu. Tangu skuli ya msingi nilikuwa nikishika nafasi ya kwanza, na kidato cha sita nilipata daraja la kwanza. Siku matokeo yalipotoka mama alilia kwa furaha na majirani walijaa uwanjani kwetu. Mimi nilifurahi siku mbili tatu, kisha nikaanza kuwaza nani amenizidi alama na kama nitayaweza masomo ya mbele. Tangu hapo sijatulia. Usiku nikilala huyarejea maneno niliyoyasema mchana, nikayachambua moja moja na kujiuliza watu wameyachukuliaje.

Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, hakuendelea baada ya kidato cha pili. Ameolewa, ana watoto wawili, na msimu wa karafuu ukifika huchambua karafuu za watu kwa malipo. Likizo iliyopita nilikaa naye jamvini hadi usiku, tukitenganisha karafuu na makonyo, naye akiimba na kucheka na wenziwe. Nilimwonea wivu. Nimeanza kuamini kwamba Mungu akimpa mtu akili humpunguzia furaha. Je, ni kweli? Na kama si kweli, kwa nini watu wengi, hata wenye uwezo, huhangaika kuipata furaha wasiipate?

Msomaji wa Wete, kwa sasa Unguja

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya kukujibu nataka ujue kwamba hauko peke yako. Katika miaka niliyosomesha skuli za Pemba niliwaona vijana kadhaa ambao walipongezwa mbele ya wenzao kila muhula, na ambao nikiwakuta peke yao chini ya mwembe walikuwa na nyuso za watu waliofiwa. Jibu fupi la swali lako ni kwamba akili haimnyimi mtu furaha, wala haimpi. Lakini jibu fupi halitakufaa usiku wa leo utakapolala, kwa hiyo tulifungue jambo lenyewe.

Kwanza tuelewane ni akili ipi tunayoisema. Tunaposema mtoto fulani ana akili, mara nyingi tunakusudia kwamba anafaulu mitihani. Na tunaposema bwana fulani ni mtu wa akili, tunakusudia kwamba ukimpelekea ugomvi wa mpaka wa shamba ataupatanisha, na pande zote mbili zitaondoka zikipeana mikono. Neno ni moja lakini vipaji ni viwili, na wahenga walikwisha kuliona hilo waliposema akili nyingi huondoa maarifa. Hata vipimo vya akili vinavyotumika duniani vilianza na kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani: mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto watakaohitaji msaada zaidi darasani. Kuishi vizuri ni jambo ambalo hawakulipima.

Aliyetaka kujua zaidi ni Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kuanzia mwaka 1921 aliwakusanya watoto zaidi ya 1,500 wa California waliopata alama za juu sana katika vipimo hivyo, na yeye pamoja na waliomrithi wakaendelea kufuatilia maisha yao kwa miongo mingi, hadi wakazeeka. Wengi wao walipata shahada, vyeo na kipato kizuri. Hata hivyo walikuwemo ambao ndoa zao zilivunjika, waliozama katika ulevi na waliojiua, kama ilivyo kwa watu wengine wote. Akili iliwasaidia kupata kazi, lakini haikuwakinga na masaibu ya nyumbani.

Hapo usikimbilie kusema kwamba basi afadhali aliyeshindwa masomo. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa mwaka 2007 huko Uingereza, ambao taarifa zake za watu wazima zaidi ya 6,800 zilichambuliwa baadaye, ulionyesha kwamba waliopata alama za chini katika kipimo cha akili ndio waliosema kwa uchache zaidi kuwa wana furaha. Watafiti walipotafuta sababu waliona kwamba kipato kidogo, maradhi, na kuhitaji msaada katika shughuli za kila siku vilichangia sana tofauti hiyo. Nakutajia haya kwa ajili ya dada yako. Umemwona akicheka jamvini, ukahukumu kwamba ana furaha. Hukuniandikia mumewe anafanya kazi gani, wala wanaishi vipi msimu ukimalizika, nawe unajua kwamba mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka unaofuata ikatoa kidogo. Inawezekana kabisa kwamba amekinai na maisha yake, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Inawezekana pia kwamba jamvini ndipo mahali pake pekee pa kupumzika, na kwamba akirudi nyumbani ana mzigo wake ambao hukuuona.

Sasa tuje kwenye usiku wako, kwani hapo ndipo penye ugonjwa. Umetumia neno zuri bila ya kukusudia: unasema unayachambua maneno. Karafuu ukiichambua, karafuu zinakwenda huku na makonyo huku, fungu linapungua mbele ya macho yako, na la mwisho likiisha unanawa mikono inayonukia na unakwenda kulala, ukijua kwamba kesho ni kazi ya kuanika. Maneno yako unayachambua usiku kucha, na asubuhi fungu liko palepale, pengine limeongezeka. Hiyo si kazi ya kufikiri, ingawa inafanana nayo sana, na kwa mtu aliyezoea kusifiwa kwa kufikiri ni vigumu mno kuitambua tofauti.

Mtaalamu wa saikolojia Susan Nolen-Hoeksema aliichunguza tabia hii kwa miaka mingi. Mwaka 1989 alikuwa amewauliza wanafunzi wa Stanford kuhusu hali zao na kuhusu wanavyofanya wanapopatwa na huzuni. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko kubwa la ardhi likaikumba sehemu hiyo ya California. Wanafunzi wale walipoulizwa tena siku 10 baada ya tetemeko, na mara nyingine baada ya wiki 7, ilionekana kwamba waliokuwa na mazoea ya kukaa na huzuni yao wakiizungusha kichwani ndio walioelemewa zaidi, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla. Walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja, kama wewe na wenzako, na ardhi iliyowatikisa ilikuwa moja. Mimi naamini kwamba akili yenye kasi ina hatari yake hapo, kwa sababu inapogeuka kumshitaki mwenyewe huwa wakili hodari: huvumbua ushahidi ambao mtu wa kawaida asingeufikiria, na kila ushahidi ukaonekana wa kweli.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu na vyuo vyao. Imamu Ghazali, ambaye jina lake umelisikia tangu utotoni katika darsa za misikiti yetu, alikuwa mwalimu mkubwa wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na elimu yake ilikuwa ikitajwa miji ya mbali. Mwaka 1095 alisimama mbele ya wanafunzi wake, ulimi ukakataa kutamka. Ameeleza mwenyewe kwamba alijitahidi asomeshe japo siku moja ili awaridhishe waliokuwa wakimjia, lakini hakuweza kusema neno. Kisha huzuni ikamshuka moyoni, chakula kikawa hakimezeki, na matabibu wakasema kwamba maradhi yameanzia moyoni na hayatatibika mpaka moyo utulie. Aliyaacha makazi na cheo akaondoka Baghdad, na ilipita miaka kiasi cha kumi na moja kabla hajarudi kusomesha. Kilichonigusa kila ninapokumbuka kisa hicho ni kwamba hakusema akili ndiyo iliyomponza. Alisema aliichunguza nia yake katika kusomesha, akaona kwamba alikuwa akitafuta jaha na kusifika kwa watu.

Basi jiulize na wewe, kwa upole: ile nafasi ya kwanza uliitafuta kwa ajili ya nini? Mtoto anayesifiwa kila muhula kwa kuwa wa kwanza hufika mahali akadhani kwamba anapendwa kwa sababu hiyo, na akiingia chuo kikuu, ambako karibu kila aliyekaa naye darasani alikuwa wa kwanza huko kwao, huona ardhi inamponyoka. Kosa hilo si lako. Ni letu sisi walimu na wazazi, na mimi mwenyewe nimelifanya kwa watoto wa watu.

Umeuliza pia kwa nini hata wenye uwezo huhangaika. Sababu moja ni kuzoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 na Philip Brickman na wenzake uliwalinganisha watu 22 walioshinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya Illinois na majirani zao wasioshinda, na haikuonekana tofauti kubwa ya furaha baina yao. Tena washindi waliripoti kufurahia kwa uchache zaidi mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki. Ndivyo daraja lako la kwanza lilivyokupa siku mbili tatu tu. Hukuwa mtovu wa shukrani, mwanangu. Ndivyo moyo wa binadamu ulivyo.

Kipo kipaji kingine kinachosaidia, na hiki kinaweza kujifunzwa. Mwaka 2013 Igor Grossmann na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima wa Marekani walipewa visa vya migogoro na kuulizwa wanaonaje mambo yatakavyokwenda. Waliowaza kwa busara, yaani waliokiri kwamba hawajui kila kitu, wakautazama mgogoro kwa macho ya kila upande na wakatafuta suluhu, ndio waliokuwa wameridhika zaidi na maisha yao, ilhali alama za akili peke yake hazikuwa na uhusiano huo. Mwaka uliofuata Grossmann na Ethan Kross wakaonyesha kwamba watu huwaza kwa busara zaidi juu ya shida ya rafiki kuliko juu ya shida yao wenyewe, na kwamba tofauti hiyo huondoka mtu akiitazama shida yake kana kwamba ni ya mwingine.

Mimi nilifundishwa hivyo na marehemu ami yangu, ambaye hakupita skuli. Nilinyimwa cheo nilichokitarajia, nikakaa miezi nikihesabu nani alinisema vibaya. Siku moja tukiwa barazani aliniuliza, "Angekuja mwanafunzi wako na maneno haya, ungemwambiaje?" Nilianza kumjibu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema mambo ya huruma na ya haki ambayo sikuwahi kujiambia. Jaribu usiku wa leo. Ijaalie dhiki yako ni barua ya msichana mwingine wa Wete, uiandikie jibu kwa kalamu na karatasi, kisha ufunge daftari.

La pili, usibaki peke yako chumbani. Huko Boston, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 uliwafuatilia wanaume 724, wengine wakiwa wanachuo na wengine vijana wa mitaa ya kimaskini, na baada ya miongo mingi ulionyesha kwamba walio na uhusiano mwema na watu wao wa karibu ndio walioishi kwa afya na furaha zaidi. Nilipoisoma barua yako niliona kwamba mahali pekee uliposahau hesabu za alama ni jamvini, penye kazi ya mikono na sauti za watu. Hapo chuoni hakuna jamvi la karafuu, lakini wapo wenzako wawili watatu wa kupika nao na kusoma nao, na zipo darsa za wanawake za alasiri.

Na ikiwa hali hii imekuondolea usingizi au hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili, au unaona maisha hayana maana, nenda kwa daktari bila ya kuchelewa na umweleze yote. Najua kwetu mtu akisikia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili huko Unguja, hufikiria pingu na kelele, na wazazi wengi huficha. Wanaotibiwa maradhi ya huzuni ni watu kama mimi na wewe, na wengi hupata nafuu wakarudi katika kazi zao.

Masomo usiyaache, hukuniuliza hilo, lakini nimeliona katikati ya mistari. Na utakapovuka tena kwenda Pemba, kaa na dada yako jamvini kama mwanzo, na wenziwe watakapokwisha kuondoka umuulize swali ambalo katika barua yako yote sikuona kwamba umewahi kumuuliza: yeye mwenyewe yukoje. Kisha niandikie alilokujibu.