Gauni jeusi si lazima liwe la msiba

SWALI: Nina picha ya rangi ya mafuta ya mwanamke, iliyochorwa miaka ya 1870. Amevaa gauni jeusi, ameshika kitabu kilichofungwa, hatabasamu, na nyuma yake ni giza la kahawia. Orodha moja ya alama inasema kitabu kilichofungwa ni maisha yaliyokwisha. Je, alikuwa akiomboleza?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo orodha itupe. Nimechoshwa na orodha hizi: mbwa ni uaminifu, nyeusi ni huzuni, kitabu ni kifo, utadhani wachoraji wote wa karne ya 19 waligawiwa kamusi moja. Hariri nyeusi ilivaliwa na wajane, ikavaliwa pia na wanawake waliotaka tu kuonekana wa heshima. Kitabu mara nyingi kiliipa mikono kazi. Na nani awezaye kutabasamu saa nzima mbele ya mchoraji, kisha arudi kesho atabasamu vilevile?

Mchoraji Whistler alimchora mama yake mwaka 1871 akiwa na gauni jeusi. Alikuwa mjane kweli, tangu 1849. Hata hivyo mwanawe aliiita picha hiyo mpangilio wa kijivu na nyeusi. Alichotaka tutazame ni rangi.

Sisemi alama hazipo. Mwaka 1890 Van Gogh alimchora Gachet pamoja na dijitalisi, mmea wa dawa ya moyo. Hapo alama inasimama, kwa kuwa tunajua Gachet alikuwa daktari. Maisha ya mtu ndiyo yaliyotupa maana ya ua, si orodha.

Lakini kinachonikera zaidi ni hilo giza lako. Vanishi ya utomvu, ule utando wa kung'aa unaopakwa juu ya picha, hugeuka manjano, kisha kahawia, na mchoraji hana habari. Rangi nazo hufifia. Chicago kuna picha ya Bi. Clapisson, iliyochorwa na Renoir mwaka 1883. Nyuma yake palionekana pa kijivu na baridi, hadi fremu ilipotolewa: kwenye ukingo uliofichwa na fremu palikuwa na wekundu mkali. Rangi nyekundu iliyotengenezwa kwa wadudu ilikuwa imefifishwa na mwanga. Mtu angeweza kuandika insha nzima juu ya upweke wa mama yule, kumbe anasoma kazi ya dirisha.

Kwa hiyo mpelekee mhifadhi wa picha aitoe kwenye fremu na achunguze ukingo. Usimtumie mtu picha ya simu akusomee "hisia", na anayekuambia usugue vanishi kwa kiazi au spiriti, usimsikilize hata kidogo. Rangi iliyong'oka na kitambaa hairudi.